Poti Mbili za Mamba

...kwa hiyo kosa haliko kwenye kiolezo cha skripti yangu, haliwezi kuwa kwenye kiolezo, nimekijaribu kwa Hedaru kimepita, kwa Makanya kimepita, kwa Ndungu kimepita na ile ruta yao inayozimika kila ng'ombe wakijikuna kwenye nguzo, vituo tisa vimetoka safi, jina la kituo, idadi ya poti, vizuri kabisa, na cha kumi hakuna, Mamba hakuna, si kwamba imeandikwa sifuri, sifuri ningeielewa, haimo tu, skripti ikifika hapo inairuka kama sisi tunavyoruka mtaro wa mbele ya ofisi, na mzee mwenyewe wa Mamba amekaa nyuma yangu kwenye benchi la wateja, hatua nne hazifiki, amekaa hapo tangu saa tatu, kofia juu ya goti na bahasha juu ya kofia, na kila nikigonga kitufe kwa nguvu anasema polepole, pole na kazi mwanangu... pole na kazi... nani amekwambia nataka pole, mzee Tumainieli, ninachotaka ni uondoke, utoke na koti lako linalonuka tangawizi na moshi wa jikoni, uniache nitafute kosa langu kwa amani, kama ni langu, si langu, mashine haina undugu na mtu, niliwaambia hivyo kwenye kikao wote wakacheka, hata Bwana Hamidu meneja wetu alicheka mpaka akavua miwani, mashine haina undugu, kilichopo inakihesabu na kisichokuwepo haikihesabu, na sasa huyo Hamidu yuko ofisini kwake mlango wazi, anaongea na Dar kwenye simu, ndiyo mheshimiwa, saa tano, saa tano kamili mtaipata, orodha ya mwisho, ndiyo, imehakikiwa... anaziba simu kwa kiganja, imehakikiwa, Rogathe? nami naitikia kwa kichwa, bado kidogo tu, bosi, bado kidogo.

Saa nne na dakika ishirini. Upepo umeanza kutupa vumbi kwenye vioo, vumbi la Same halijali kama ndani kuna kompyuta au kuna mbuzi, kila asubuhi napanguza kibodi kwa kipande cha kanga na ikifika saa sita naandika tena juu ya mchanga... orodha ikishafika Dar imefika, watu wa mwekezaji wanatia saini leo leo, kituo kilichomo kinabaki, kisichomo kinafungwa na mtu wake anakwenda nyumbani, walitwambia wenyewe mwezi uliopita walipokuja na gari jeupe, vijana wawili wenye tai, wadogo kwangu, wakakaa mezani kwa Hamidu wakanywa soda zetu, shirika linauzwa ndugu zangu, msilione kama msiba, dunia nzima sasa ni soko huria, kanda hii mko watu kumi na mmoja na nafasi tunazozihitaji ni kumi, sisi hatumjui mtu hapa, hatutaki kuonea mtu, tutakwenda na poti, kila ruta ina milango yake ambayo laini zinaingilia, nyinyi mnaiita poti, sivyo, basi mtuhesabie poti za kila kituo, nani anaweza... na mkono ukapanda, wangu, wangu mwenyewe, nani mwingine, ni mimi niliyepelekwa kozi Dar wiki sita, ni mimi ninayejua kuandika skripti inayozunguka kituo kwa kituo na kuiuliza kila ruta una milango mingapi, Gregori fundi wetu wa laini anajua kupanda nguzo na kusimulia alivyoanguka kwenye nguzo, basi, nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la tatu anayegombea kufuta ubao. Orodha ya kwanza ikaenda na Mamba haimo. Watu kumi na mmoja, nafasi kumi, hesabu ikajifunga yenyewe bila mtu kuguswa mkono, Hamidu akasema umeona, hakuna lawama, Ijumaa barua ikapanda mlimani, na leo Jumatatu mzee ameshuka nayo kwenye lori la tangawizi, juu kabisa ya magunia, na udongo wa kwao bado uko kwenye viatu vyake na sasa uko kwenye sakafu yangu.

Sikuja kugombana, mwanangu, ndivyo alivyoanza, nilimwamkia shikamoo bila kugeuka akaitikia marahaba kama vile nimegeuka, sikuja kugombana, nimekuja uniangalizie tu kwenye hiyo mashine, maana wameandika kituo changu hakina poti hata moja, na mimi Alhamisi nimewatumia watu wa ushirika bei zao za tangawizi, mganga wa zahanati naye ametuma ripoti yake ya wagonjwa, sasa zilipita wapi hizo... Hamidu akapaza sauti kutoka ndani, mzee, hii si swichibodi ya kuchomeka waya, hii ni kompyuta, ikisema haipo haipo, na mzee akacheka kidogo kwa heshima, akasema kweli meneja, kweli, lakini nilifikiri labda kuna Mamba nyingine. Nikamwambia nitaangalia. Kwa nini nilisema nitaangalia, ningesema imeshafungwa, ningesema iko Dar, mtu mzima anaamini chochote ukikisema huku unaandika, lakini nilikuwa na hakika, hapo ndipo ujinga wangu ulipo, nilikuwa na hakika kabisa kwamba nitakuta laini yake imekufa siku nyingi na yeye amekaa huko juu anapanguza ruta iliyokufa, na nilitaka aone, nilitaka kumgeuzia kioo nimwonyeshe kwa kidole, ona mzee, hakuna kitu.

Haya, polepole. Kule kozini walitufundisha, ukishindwa acha kuitazama skripti, tazama kile inachokisoma. Faili la Mamba, siku ileile ya orodha ya kwanza, saa nane mchana kama siku zote, limefunguka, kwa hiyo ruta ilijibu, kwa ile laini ya kuja ofisini isiyohesabiwa, haikuwa imekufa, subiri... ilijibu. Imejibu vizuri kuliko ya Ndungu. Kichwa cha jedwali, mstari mtupu, poti ya kwanza, poti ya pili, mbili, ziko hapa mbele yangu, naziona kwa macho, sasa kwa nini wewe huzioni, mjinga wewe, kiolezo kinakuambia kila mstari una maneno sita, jina la poti, anwani yake, neno ndiyo, jinsi ilivyowekwa, hali ya mlango, hali ya laini, neno nafasi neno nafasi neno mpaka sita halafu mwisho wa mstari, na mstari wowote usiotimia hivyo ni takataka, vichwa, mistari mitupu, salamu za ruta, utupe, ni mimi niliyeandika utupe, na utupe kimya kimya maana sikutaka kioo kijae kelele... nachukua kalamu naweka ncha kwenye kioo kama mtoto anayejifunza kuhesabu, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Saba. Tena. Moja, mbili... saba. Mungu wangu. Hali ya mlango si neno moja. Kila kituo imeandikwa up au down, uko juu au uko chini, neno moja, na hapa ruta imeandika administratively halafu down, maneno mawili, maana yake mlango haukuharibika, mlango umefungwa kwa amri, kuna mtu ameushika akaufunga kwa mkono wake, na skripti yangu imeona neno la saba ikasema hii takataka, ikaitupa. Poti mbili nzima. Zimetupwa kimya kimya kama nilivyoagiza.

Umeona kitu mwanangu? Bado mzee. Pole. Hapana, bado... mikono imekuwa baridi, joto la Same lote hili na mikono yangu ni baridi, kosa ni langu, si la laini, si la ruta, si la mzee, mtu amepewa barua kwa sababu mimi sikuhesabu mpaka saba. Lakini nani anafunga poti kwa mkono, niambieni, nani, katika vituo kumi hakuna mwingine, ruta ya Ndungu inawaka mpaka inanuka plastiki na hakuna anayeigusa, mwalimu wa kozi alisema poti inafungwa ikiwa mgonjwa tu, ni nani duniani anafunga poti nzima kila siku ikifika saa saba mchana kama anayefunga duka... namjua. Amekaa nyuma yangu. Ni mimi niliyemfundisha. Mwaka jana nilipopanda kuiweka ile ruta, nikaiwasha, taa zikacheza, watu wa ushirika wakapiga makofi, na yeye hakuuliza inawashwaje wala inafanya nini, aliuliza inazimwaje, nikacheka, nikamwambia mzee hii haizimwi, hii haichoki, akasema kila kitu kinachoka mwanangu, niandikie tu, na nikamwandikia, amri nne, nyuma ya karatasi ya kalenda, mwezi wa tano, akaibandika ukutani kwa unga wa ngano.

Ni ile miaka ya uhaba ndiyo iliyomharibu. Wote wa umri wake imewaharibu, mama yangu mpaka leo anakata sabuni vipande sita na kuvificha sehemu sita, sabuni imejaa madukani siku hizi, za kila rangi, na bado anaficha... mzee yeye alikuwa na swichibodi na betri, na bosi wa zamani aliwapa amri, kisichotumika kizimwe, betri zikifa hakuna nyingine, nchi haina fedha za kigeni, ukiua betri umeua simu ya mlima mzima, basi saa saba azime, saa kumi awashe, watu wa Mamba walizoea, walipanga magonjwa yao na vifo vyao kufuata saa za Tumainieli. Wote isipokuwa baba. Themanini na nne, mwezi wa saba, baba yuko hospitali Moshi, nesi akapiga saa nane, akapiga saa nane na nusu, akapiga saa tisa, leteni ndugu wa kutoa damu, na huku juu swichibodi imezimwa kwa amri, mzee anakula ugali kwake, na ilipowashwa saa kumi simu iliyoingia haikuwa ya damu tena. Alikuja mwenyewe. Hakumtuma mtu, alikuja na hii kofia au nyingine kama hii, akakaa kwenye kigoda cha mama akasema mama Rogathe, walipiga, mimi ndiye niliyezima, na mama yangu, sitasahau, mama yangu aliinuka, akampakulia makande, akasema ulizima kwa sababu uliambiwa uzime, kula. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, nimesimama nyuma ya mlango, nikamchukia yeye na nikamchukia mama kwa yale makande. Na baadaye ni yeye aliyenikalisha kwenye swichibodi likizo zote za sekondari, akanifundisha kusikiliza laini, na ni yeye aliyeandika barua kwa shirika, ninaye binti hapa ana akili za mitambo, mchukueni. Walinichukua. Leo nimekaa hapa kwa barua yake.

Rogathe, dakika ngapi? Kumi na tano, bosi. Nakuvurugia? Hapana bosi. Nabadilisha. Ni kitu kidogo sana, hali ya mlango iwe neno moja au mawili, nagonga vitufe vichache hata pumzi haijatoka, naendesha upya kwa vituo vyote... Mamba, mbili. Hiyo hapo. Mamba, mbili, tena imejipanga sawasawa chini ya Makanya kama vile haijawahi kukosekana, inanitazama, na kwa sekunde moja nimefurahi, naapa nimefurahi, ile furaha ya kupata kosa, huwa nataka kupiga meza, nimegeuza hata shingo nusu, mdomo umefunguka nimwambie mzee... na shingo imesimama. Watu kumi na mmoja. Nafasi kumi. Mamba ikirudi, hesabu imefunguka tena, na vijana wenye tai walishasema, poti zisipomtoa mtu ataondoka aliyeingia kazini mwisho, Gregori ana miaka kumi na mbili kazini, mimi ninayo minane, aliyeingia mwisho ni mimi. Tena si hilo tu, Hamidu atauliza, kwani ile ya kwanza ilikosea nini, nani aliandika, na kwenye kikao kile kile nilimowachekesha nitasimama niseme mashine haina undugu lakini aliyeiandika hajui kuhesabu mpaka saba, watanicheka vingine. Na nyumbani mume wangu Anthony amekaa kwenye ngazi tangu shamba la mkonge lilipopata mwenyewe mpya, ananyoa ndevu kila asubuhi halafu anakaa kwenye ngazi, amenyoa tu, mwanaume mzima wa miaka arobaini na mbili, anawasalimu wapita njia, na Brightness yuko darasa la pili, aliniuliza jana mama, wewe huwezi kupunguzwa, eti, kwa sababu wewe ndiye unayehesabu? Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo nikiwa nachambua mchele, sikusita hata kidogo.

Basi acha. Acha ilivyo. Kwani yeye alitufanyia nini, alizima, baba akafa, na hakuna aliyemwandikia barua, hakuna aliyemwambia nafasi yako imekwisha, alikula makande akarudi kazini, kesho yake saa saba akazima tena, hakuacha, hilo ndilo lililonichoma miaka yote, kwamba hakuacha, angeacha hata wiki moja, kwa heshima, sasa na yeye mashine imempigia saa nane ikamkuta amezima, sawa, haki imechelewa lakini imefika... naisema ndani na inanoga, inanoga kama kitu nilichokiweka muda mrefu, nairudia, ni kwa ajili ya baba, ni kwa ajili ya baba... Uongo. Uongo mtupu Rogathe, usijidanganye, gari la kushuka lilikuwa moja kwa wiki na lilishaondoka Jumatano, hata nesi angepata simu saa nane ile ile, damu yetu ingefika Moshi na nani, kwa mabawa ya nani, mama alijua hilo, ndiyo maana alipakua, na mimi nilijua hilo nikiwa na miaka kumi na mitano, nilipiga hesabu mwenyewe kwenye daftari, saa kwa saa, nikafuta. Sina kisasi. Ningekuwa na kisasi ningekuwa mtu wa maana, angalau ningekuwa namkumbuka baba, lakini sura ya baba siioni hata nikifumba macho, ninayemwona ni Anthony kwenye ngazi na mimi pembeni yake, tumekaa wawili, tumeoga, tunasalimu wapita njia. Naogopa. Ni hilo tu. Naogopa kukaa kwenye ngazi, na kwa sababu ya kuogopa ngazi nimemchimbua baba yangu kaburini aje anishikie mlango.

Mwanangu, anasema mzee. Benchi limelia, ameinama mbele, sauti imekuwa karibu. Nimekaa hapa nafikiri, labda ni mimi. Labda ni wewe vipi mzee? Labda ni vile ninavyozima, anasema, maana ikifika saa saba ushirika umefunga, zahanati wamefunga, poti zimekaa bure, nazizima zote mbili, ile karatasi yako ninayo, asubuhi saa mbili nawasha, sasa nikasema, hii mashine yako inapita saa ngapi kuhesabu? Anajua. Yuko hatua moja kutoka kwenye jibu, hajui skripti ni nini, hajui kiolezo, na amekwenda moja kwa moja kama mtu anayekwenda chooni gizani nyumbani kwake, miaka thelathini ya kusikiliza laini, na mimi na kozi yangu nimehangaika tangu asubuhi. Saa nane, namwambia. Inapita saa nane. Ahaa, anasema. Saa nane. Ahaa... na nasikia anakwangua bahasha kwa ukucha. Kwa hiyo kama nisingezima? Hamidu amekata simu huko ndani, anatafuta kalamu, nasikia droo, mzee ananisubiri, na Mamba, mbili, bado iko kwenye kioo, akiinuka tu na kusogea hatua mbili ataiona, macho yake ya mbali bado ni mazima, na kidole changu kiko juu ya kitufe, namwambia usingezima ungekuwemo mzee, na huku nafuta, herufi moja baada ya nyingine, narudisha kiolezo kilivyokuwa, neno moja, neno moja tu, naendesha, vituo tisa, safi. Usingezima ungekuwemo. Hata si uongo, hilo ndilo linalonitisha, kila neno ni kweli, ningeweza kuapa mahakamani.

Anacheka, kicheko kidogo cha puani. Basi ni mkono wangu, anasema. Ni mkono wangu tena.

Tena. Amesema tena. Miaka kumi na saba hajawahi kulitaja mbele yangu, likizo zote zile, kikombe kwa kikombe cha uji kwenye ile swichibodi, na leo amelitoa, amelibeba kumbe muda wote, amelibeba juu ya tangawizi mpaka hapa, na nina nafasi ya kusema hapana mzee, si mkono wako, ni wangu, kosa liko kwenye mstari wa thelathini na nne na nimekwisha kulijua, maneno machache, mdomo uko wazi... Rogathe! Nipo bosi. Saa tano kasoro dakika sita, mtandao uko juu, tuma kabla haujalala. Natuma, bosi. Nimebonyeza. Modemu inalia, inalia kile kilio chake cha paka, halafu inanyamaza, na kile kistari cha kijani kinajaa taratibu, kinajaa, kimejaa. Imekwenda? Imekwenda. Safi sana, anasema Hamidu, na anatoka mlangoni kunyoosha mgongo, anamwona mzee kama vile amewekwa pale sasa hivi, mzee umesaidiwa? Nimesaidiwa meneja, anasema Tumainieli, amesimama kabisa kumjibu, kofia mkononi, binti amenieleza vizuri, kosa ni langu, nilikuwa nazima, hata namwomba radhi, nimemvurugia kazi yake asubuhi nzima. Hamidu anasema ndiyo hivyo mzee, teknolojia. Anarudi ndani.

Nasubiri nijisikie vibaya. Nimekaa nasubiri kama anayesubiri homa baada ya kunyeshewa, na haiji, kinachokuja ni wepesi, mabega yameshuka, mikono imepata joto, nimeanza kufikiria mchele wa jioni, na hapo ndipo ninapojijua, bila kupenda, najijua sasa kuliko nilivyowahi kujijua, nilidhani ndani yangu kuna mtoto wa miaka kumi na mbili mwenye hasira na kumbe aliondoka zamani, hakuna mtoto, hakuna hasira, kuna mtumishi tu anayetaka kubaki kwenye kiti. Namchukia mzee kidogo kwa kuniomba radhi. Ningependa angenitukana. Nasikia benchi linalia tena nikadhani anaondoka, haondoki, amekaa, lori linapanda saa tisa na hana pengine pa kukaa, atakaa hapo mgongoni kwangu mpaka saa tisa, ameinyoosha ile barua, anaisoma upya kwa sauti ya chini akifuata mistari kwa kidole, sasa anaisoma kama mtu anayekubaliana nayo. Nataka kumwambia kantini ya stendi ina viti. Siwezi, nimeshafanya ya kutosha kwa asubuhi moja.

Mama hajambo? anauliza. Hajambo, nasema, bila kugeuka. Bado anakaa pale pale kijijini Kavambughu? Bado mzee. Ukienda Jumapili msalimie sana, anasema, mwambie Tumainieli alipita kwako, ukampokea vizuri, ukaacha kazi yako ukamwangalizia.

Salamu zitafika, mzee, nasema. Nafungua faili jingine.